Mama aliniuliza ni badiliko lipi lililomuua mjomba

Mjomba wangu alikuwa na ualbino na alikuwa anaanika dagaa. Aliyewahi kukaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, Kanda ya Ziwa, Tanzania, anaijua kazi hiyo. Dagaa wanatandazwa jua likiwa kali, wanageuzwa, wanalindwa dhidi ya kunguru, wanaanuliwa jioni, na muda wote huo mwanikaji hana kivuli. Mjomba alivaa kapelo, ile kofia yenye ukingo wa mbele tu. Uso ulipata nafuu kidogo, lakini masikio na shingo vilibaki nje. Kidonda kilianzia nyuma ya sikio la kushoto. Alikipaka mafuta ya mgando, kisha akakinyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili kama watu wengi wanavyofanya, kikakauka juu na kuendelea chini. Alipofikishwa hospitali ya rufaa kilikuwa uvimbe mkubwa kama ngumi. Nilikuwa kidato cha tatu tulipomzika.

Miaka kumi na moja baadaye nilipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu Scotland, katika maabara inayochunguza namna mabadiliko ya vinasaba yanavyozaa saratani ya ngozi. Usiku wa kuamkia safari, Mama alikuwa ananikunjia nguo. Akasema bila kuniangalia, "Ukifika huko mwanangu, unitafutie jibu moja. Lile badiliko lililo kwenye damu yetu, ndilo lililomuua ndugu yangu?"

Sikujua wakati ule kwamba swali lake lilikuwa limebeba maswali mawili, na kwamba kuyatenganisha kungenichukua miaka minne.

Nilifika na kichwa kilichojaa matumaini ya namna moja. Kila mwanafunzi wa fani hii anaijua habari ya jeni iitwayo BRAF. Mwaka 2002, watafiti wa Taasisi ya Sanger karibu na Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya melanoma walizozichunguza, yaani saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, zina hitilafu kwenye jeni hiyo, na mara nyingi hitilafu hiyo ni herufi moja tu iliyobadilika mahali palepale. Herufi moja kati ya bilioni tatu! Mwaka 2011 dawa inayolenga protini ya jeni hiyo iliidhinishwa Marekani. Wagonjwa waliojaa uvimbe mwilini waliona uvimbe ukinywea katika wiki chache. Kwa wengi ulirudi baada ya miezi, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Nami nilitaka mlango kama huo kwa ajili ya saratani ya mjomba.

Saratani ya mjomba haikuwa melanoma. Ilikuwa ile ya seli bapa, inayoanzia kwenye seli zinazojenga tabaka la juu la ngozi, na ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino huku kwetu. Nilipofungua kwa mara ya kwanza orodha ya mabadiliko ya uvimbe mmoja wa aina hiyo, nilishuka na kipanya cha kompyuta mpaka mkono ukachoka. Maelfu kwa maelfu ya mistari. Melanoma ya kwanza kusomwa vinasaba vyake vyote, mwaka 2010, ilikutwa na mabadiliko ya herufi zaidi ya 33,000, na saratani ya seli bapa nayo haiko nyuma. Ni lipi kati ya hayo lenye hatia?

Watafiti huyagawa mabadiliko hayo makundi mawili: madereva na abiria. Dereva ni badiliko linaloipa seli uwezo wa kugawanyika isipotakiwa au kukataa kufa inapotakiwa ife. Abiria amepanda tu. Alikuwepo seli ilipoanza kukimbia, akasafirishwa nayo. Gari lina abiria maelfu na madereva wachache, na wote wamevaa nguo zinazofanana. Mwaka wangu wa kwanza ulipita nikijifunza hesabu za kuwatenganisha.

Nilijifunza pia kusoma mwandiko wa jua, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. Mionzi ya jua ya urujuanimno inapopiga mahali ambapo herufi za C au T zimekaa jirani, inaweza kuzigandamanisha mbili pamoja. Seli ina mafundi wa kuliondoa gundi hilo. Wanakata kipande cha herufi kama 30 chenye kasoro na kuandika upya. Aziz Sancar alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na wenzake wawili, kwa kuonyesha mafundi hao wanavyofanya kazi. Lakini fundi akichelewa, seli ikajigawa kabla hajafika, mahali pa C panaandikwa T. Pakiwa na C mbili zinazofuatana, huweza kuandikwa T mbili. Hakuna kitu kingine tunachokijua maishani mwa kawaida kinachoacha alama hiyo ya pili kwa wingi namna hiyo isipokuwa mionzi ya jua. Douglas Brash na wenzake waliionyesha mwaka 1991 ndani ya jeni ya TP53, kwenye saratani za seli bapa za ngozi. Jua lilikuwa limeacha sahihi yake.

TP53 ndiyo mlinzi anayeiambia seli iliyoharibika isimame au ife. Ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua ni kazi yake kwa sehemu kubwa: seli zilizoharibika zimeamriwa zijitoe. Jeni hiyo ikiharibika, amri haitoki. Basi mimi nilipoikuta imeharibika kwenye sampuli yangu ya kwanza, tena kwa alama ileile ya C kuwa T, nilimwendea msimamizi wangu mbiombio. Nilidhani nina jibu la kumpigia Mama simu jioni ileile.

Msimamizi akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na ngozi iliyo pembeni ya uvimbe, ile nzima, umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Akanipa nisome utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Watafiti walichukua ngozi ya kope iliyokatwa wakati wa upasuaji wa watu wanne, ngozi isiyo na saratani, wakaigawa vipande vidogo 234 na kuvisoma kimoja kimoja. Walikuta karibu robo ya seli za ngozi ile nzima zina mabadiliko ya aina ya dereva: NOTCH1, TP53, majina yaleyale tunayoyakuta kwenye saratani. Ngozi ilikuwa laini na yenye afya, imeshajaa madereva, na haikuwa inakwenda popote.

Nililala vibaya wiki ile. Kama badiliko hilohilo linakaa miaka kwenye kope ya mtu mzima bila kumdhuru, nina haki gani kulinyoshea kidole na kusema hili ndilo lililomuua mjomba? Hata BRAF yenyewe, ile ya matumaini yangu, hupatikana kwenye vidoa vingi vya kawaida vya ngozi, vile vyeusi ambavyo mtu hukaa navyo mpaka uzeeni. Badiliko moja halitoshi. Inatakiwa moja, na jingine, na jingine, ndani ya seli ileile na kizazi chake, mpaka breki zote zimekatika. Kila siku ya jua ni nafasi nyingine ya kukata moja.

Mwaka wa pili nitaupitia haraka, maana unaniuma bado. Nilifanya kazi miezi saba na seli nilizozipokea kwenye kichupa chenye lebo, nikizilisha, nikizihesabu kwenye hadubini, nikizima jeni moja moja kuona zitafanya nini. Matokeo hayakuwa yanakubaliana na kitu chochote. Mwishowe nilizipeleka kwenye kipimo cha utambulisho wa vinasaba, kile kinachofanana na kipimo cha kuthibitisha baba wa mtoto. Jibu likarudi kwamba hazikuwa seli zilizoandikwa kwenye lebo. Miezi saba ikaenda. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu kipimo kile kilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Si jambo geni katika fani hii: kuna seli zinazoitwa MDA-MB-435 ambazo kwa miaka mingi maabara duniani zilizitumia kama saratani ya matiti, kumbe ni melanoma. Tangu hapo hakuna kichupa kinachoingia kwenye inkubeta yangu bila kupimwa kwanza, na wanafunzi walionifuata nimewafundisha hivyo kabla ya kuwafundisha kushika pipeti.

Jambo jingine lilikuwa linanikera tangu mwanzo, nami nilichelewa kulisema. Sampuli karibu zote nilizokuwa nasoma kwenye hazina za data zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu wa mwaloni. Nilipolisema hatimaye kwenye kikao, msimamizi hakubishana. Aliniambia niandike pendekezo. Ilichukua karibu mwaka kupata vibali vya pande zote mbili, mkataba wa kuhamisha sampuli, na hospitali moja ya Kanda ya Ziwa iliyokubali kunipokea. Katika wodi na kliniki yake ndipo nilipojifunza nisichoweza kujifunza Scotland.

Fomu ya ridhaa niliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Niliona fahari. Niliandika kwamba mtafiti anaomba "kipande kidogo cha mwili wako" ambacho "kitapelekwa nje ya nchi kwa uchunguzi". Maneno yalikuwa sahihi. Mgonjwa wa nne alikuwa dada mwenye ualbino, umri wake kama miaka 35, mkulima wa pamba, ana uvimbe begani uliopangiwa upasuaji. Alikuwa hasomi vizuri kwa sababu ya macho, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye maneno yale, aliweka kalamu juu ya meza polepole, akavuta khanga yake mabegani, akanyamaza. Mume wake aliyekuwa amesimama mlangoni akaingia ndani.

Nikasikia nilichokuwa nimekisema. Ninatoka kanda hiyohiyo. Nilikuwa mtoto wa shule wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Kanda ya Ziwa, kuanzia mwaka 2006 na 2007, watu wakikatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Mjomba alilala kwetu miezi mingi wakati ule, kitanda chake kikiwa chumba cha katikati, mbali na dirisha. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mambo hayo. Na mimi, mpwa wa mjomba yule, nimekaa mbele ya mwanamke mwenye ualbino na karatasi yenye mihuri, ninamwomba kipande cha mwili wake kikauzwe, maana ndivyo alivyonisikia, ng'ambo.

Niliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Dada, naomba unisamehe. Nimesema vibaya." Sikujua niendelee vipi.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa kliniki, mama wa makamo ambaye amefunga vidonda vya namna hiyo miaka zaidi ya ishirini. Alivuta kiti, akakaa karibu naye kuliko nilivyokaa mimi. Akamwambia hivi: "Mwanangu, ule uvimbe daktari atautoa, si ndiyo? Ukishatoka unakwenda maabara yetu hapa kupimwa kama ni kansa. Wakimaliza, unaobaki huwa unatupwa. Huyu binti anaomba usitupwe. Anataka kuusoma ajue jua limefanya nini mle ndani. Ukikataa, upasuaji wako uko palepale, na kesho nitakufunga kidonda mimi mwenyewe."

Yule dada aliuliza maswali matatu, na nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti. Nani atakaa na ufunguo wa hilo friza? Jina langu litaandikwa? Na nikibadili mawazo, utaurudisha? Nilijibu moja baada ya jingine. Kwa lile la tatu nilimwambia kwamba tutauharibu hapahapa mbele yake, na nikaenda kuomba kamati ibadilishe fomu ili ahadi hiyo iwe ya maandishi. Alikubali siku ya pili, si siku ile. Tulibadilisha pia utaratibu mzima: vinasaba vikawa vinatolewa kwenye maabara ya hapahapa, na kilichosafiri kikawa ni maji ya vinasaba kwenye kichupa chenye namba, wala nyama haikutoka. Gharama iliongezeka, kazi ikachelewa miezi minne. Ningerudi nyuma ningechelewesha tena.

Kuhusu matokeo nitasema machache, kwa kuwa sampuli zangu zilikuwa chache na sipendi kuzibebesha mzigo zisioweza kuubeba. Mwandiko wa jua ulikuwepo, wazi, C zikiwa T, ukurasa baada ya ukurasa. Sikupata dereva mmoja wa kulengwa na dawa moja kama BRAF. Ila wingi huohuo wa mabadiliko, ambao mwaka wa kwanza niliuona kama takataka za kupekua, una maana yake: seli yenye makosa maelfu huonekana ngeni machoni pa kinga ya mwili. Ndiyo sababu dawa zinazoamsha kinga hufanya kazi kwa baadhi ya saratani hizi, na mwaka 2018 mojawapo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya seli bapa ya ngozi iliyosambaa. Nilifurahi niliposoma habari hiyo. Kisha nikafikiria bei yake na mwalo wetu, furaha ikapungua. Kidonda kile nyuma ya sikio, kikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi, kilihitaji kisu, dawa ya ganzi na nusu saa.

Sasa swali la Mama. Nilimjibu ana kwa ana, sebuleni, baada ya kutetea tasnifu.

Nilimwambia kuna mabadiliko ya aina mbili na sisi tumekuwa tukiyataja kwa jina moja. La kwanza ni la kurithi. Kwa watu wengi wenye ualbino Tanzania, ni pengo la herufi kama 2,700 kwenye jeni iitwayo OCA2. Lilielezwa kwa wagonjwa wa Tanzania tangu mwaka 1995. Mtoto anazaliwa na ualbino akipokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mama alinikatisha hapo. "Kwa baba pia?" Kwa baba pia, nikamwambia, sawasawa, nusu kwa nusu. Akakaa kimya. Bibi aliondoka kwenye ndoa yake ya kwanza kwa sababu ukoo wa mume ulisema amewaletea mkosi, na jambo hilo halikuwahi kusemwa kwa sauti nyumbani kwetu mpaka siku ile Mama alipolisema.

Akauliza, "Na mimi ninalo?" Nikamwambia ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye mwenyewe hana ualbino, ana uwezekano wa mbili kwa tatu wa kubeba nakala moja. "Na wewe?" Nami yawezekana ninalo. Akanishika mkono.

Aina ya pili ya mabadiliko mtu hazaliwi nayo. Yanachumwa na ngozi, siku kwa siku, na hayarithiwi na mtoto. Kwa mtu kama Mama au mimi, chembe za melanini, ile rangi ya ngozi, hujikusanya juu ya kiini cha seli ya ngozi kama kofia, upande wa jua. Mjomba alizaliwa bila kofia hiyo. Ualbino haukumuua, Mama. Ulimwacha wazi, na kilichokuja juu yake kilikuwa jua la kazi, miaka ishirini na zaidi. Mama alisema, "Basi ningemnunulia kofia pana." Alilia sana. Nilimwambia hakuna aliyejua, lakini neno hilo halikumfariji, na mimi sikuona kwa nini limfariji. Siku hizi huagiza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kuwapelekea watoto wawili wa shule ya jirani. Kofia anawashonea mwenyewe, zenye ukingo mzunguko mzima, na nyuma anaongeza kitambaa cha kufunika shingo na masikio.

Mwaka huu nilirudi kliniki ile kuwaeleza waliochangia tulichokiona. Yule dada alikuja. Kovu begani limepona, na alikuwa na shati la mikono mirefu na kofia ya majani. Aliomba kuziona hizo herufi. Nilimfungulia kompyuta nikakuza maandishi mpaka yakawa makubwa kama kiganja, kwa ajili ya macho yake. Nilimweleza kwamba sampuli zina namba tu, kwamba hii huenda ni yake au ya mtu mwingine. Nikamwonyesha mahali palipokuwa na C mbili na sasa pana T mbili.

Alisogeza uso karibu kabisa na kioo, akaweka kidole juu ya zile T.

"Hii ni ya siku gani?" akauliza.

Nikamwambia haijulikani. Herufi haziandiki tarehe.

Hakuondoa kidole. Akasema yeye akikumbuka vizuri, kuna palizi moja ya pamba, bado msichana, walipomaliza heka mbili kwa siku tatu, mabega yakabambuka mpaka akalala kifudifudi wiki nzima.

"Nadhani ni ile," akasema.

Nami nilichukua daftari langu nikaliandika.